UZI: Sura ya mchezaji kwenye bango haidumu, jina lake kwenye raba linadumu. Kwa nini?

Fundi Mabango

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni mabango: kuchapisha, kupandisha, kushusha. Ukipita barabara kubwa za Dar ukaona sura ya mchezaji kashika kinywaji au simu, huenda ni vijana wetu waliokesha wakilifunga. Kwa hiyo biashara hii ya wachezaji kutangaza bidhaa mimi naiona kwa nyuma, upande wa kamba na mabomba.

Bango la mchezaji hukaa miezi mitatu, likizidi sana sita. Likishushwa, turubai lake lina wateja wake. Wenye malori ya mkaa wanalitaka, wenye vibanda vya chipsi wanalitaka, maana halipitishi maji na bei yake haitishi. Kuna kibanda njia ya Mbagala kimeezekwa kwa tangazo tulilolishusha sisi wenyewe. Ukiwa unasubiri chipsi mayai, inua macho: utaona goti, njumu, na nusu ya tabasamu iliyojikunja kwenye boriti. Waulize wateja huyo ni nani, watakutajia jina, klabu, na goli alilomfunga nani. Waulize alikuwa anatangaza nini. Mmoja atasema soda, mwingine mtandao wa simu, wengine wataendelea kula. Kampuni ililipa mamilioni ili watu wamkumbuke mchezaji ambaye tayari walikuwa wanamkumbuka.

Sasa nenda Karume kwenye raba za mtumba, asubuhi wakati wanafungua belo. Kitu cha kwanza muuzaji anachofanya ni kuvuta ulimi wa kiatu akitafuta kile kialama cha mtu anayeruka kapanua miguu. Akikikuta, kiatu hicho hakirudi kwenye rundo. Kinasuguliwa kwa mswaki na sabuni ya unga, soli inapakwa dawa nyeupe, kamba zinafuliwa peke yake, kisha kinatundikwa juu kwenye msumari, na bei hapo ni mazungumzo mengine. Anayekuja kukinunua ni dogo aliyezaliwa baada ya Michael Jordan kustaafu kwa mara ya mwisho, mwaka 2003. Hajaona mechi yake hata moja, na kikapu chenyewe hachezi. Lakini akifika pale haulizi raba, anauliza "Jordan zipo?"

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wote wawili ni wachezaji wakubwa, wote wamelipwa kutangaza bidhaa. Kwa nini mmoja kaishia kuwa paa na mwingine kawa bidhaa yenyewe?

Nimefuatilia ile habari ya Jordan na Nike, na nadhani wengi tunaisimulia vibaya. Tunasema "Nike walimpa hela nyingi". Mwaka 1984 Nike walikuwa watu wa viatu vya kukimbilia. Kikapu kilikuwa himaya ya Converse, wenye nyota wawili wa zama zile, Magic Johnson na Larry Bird. Jordan mwenyewe, kijana aliyetoka chuo akaenda Chicago Bulls, alikuwa anaitamani Adidas. Mama yake, Deloris, ndiye aliyemlazimisha apande ndege kwenda Oregon akawasikilize Nike. Mkataba ukawa wa miaka mitano, kama dola 500,000 kwa mwaka. Kwa wakati ule ni fedha ya kutisha, sikatai. Lakini ndani yake kulikuwa na vitu viwili vizito kuliko hiyo hela: alipewa kiatu chake mwenyewe chenye jina lake, na alipewa mrabaha, yaani kila kinachouzwa na yeye ana fungu.

Jina Air Jordan alilitoa wakala wake, David Falk. Peter Moore akachora kiatu na ile nembo ya kwanza ya mpira wenye mabawa. Kikaingia madukani Aprili 1985 kwa dola 65. Nike walitarajia kuuza dola milioni 3 katika miaka michache ya mwanzo. Mwaka wa kwanza peke yake waliuza za dola milioni 126.

Halafu ikaja ile sarakasi ya ligi. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walikuwa na kanuni ya rangi za viatu, na Februari 1985 waliwaandikia Nike barua kuhusu raba nyekundu na nyeusi za Jordan. Nike wakaigeuza barua ile kuwa tangazo la televisheni: kiatu kimepigwa marufuku uwanjani, lakini wewe hakuna wa kukuzuia kukivaa. Waliochunguza baadaye wanasema kiatu kilicholalamikiwa inaelekea kilikuwa kingine, kinaitwa Air Ship, wala si Air Jordan. Haikusaidia kitu. Habari ilishakaa kichwani mwa watu. Tazama ufundi wake: tangazo halikusema "Jordan anapenda viatu vyetu". Kiatu chenyewe ndicho kilikuwa na kesi. Kilipewa tabia, na tabia ile ilikuwa ya yule kijana anayewaruka watu uwanjani.

Na haikwenda kama maji mteremkoni. Msimu wa pili Jordan alivunjika mguu, Air Jordan ya pili haikufanya vizuri, Moore na bosi wake Rob Strasser wakaondoka Nike, na Jordan akawa anafikiria kuhama. Aliyemrudisha ni mchoraji Tinker Hatfield, aliyekaa naye akamuuliza anataka nini mguuni. Akataka kiatu kisichofunika kifundo chote, chepesi, chenye ngozi laini ambayo haihitaji kuzoeleka kwanza. Ndiyo Air Jordan ya tatu, 1988, ya kwanza kubeba kile kialama cha mtu anayeruka. Kuanzia hapo ikawa karibu kila mwaka namba mpya, hadi 1997 Jordan ikasimama kama chapa yake ndani ya Nike. Katika mwaka wa fedha 2023, miaka ishirini tangu jamaa aache kucheza, chapa hiyo iliingiza dola bilioni 6.6.

Ninachosema ni hiki: umaarufu unanunua macho ya watu kwa siku chache. Kinachobaki ni kitu chenye alama ya mchezaji ndani ya umbo lake, kikarudiwa miaka nenda rudi bila kubadilisha wimbo, na mchezaji mwenyewe akiwa mshirika. Na wala si jambo la jana. All Star za Converse tulizovaa shuleni zina saini ya mtu kifundoni, Chuck Taylor, mcheza kikapu aliyegeuka muuzaji wa viatu. Saini ile iliwekwa miaka ya 1930. Mamba wa Lacoste ni jina la utani la René Lacoste, mcheza tenisi wa Ufaransa, na kampuni aliianzisha mwenyewe 1933. Stan Smith alikuwa bingwa wa Wimbledon 1972. Leo watu wanadhani ni jina la kiatu tu.

Karibuni tujadili. Wale wa "uzi mrefu sijasoma" pia karibuni.

Msomaji Kimya

Uzi mrefu, nimesoma. Weka picha ya hicho kibanda mkuu.

Mzee wa Hesabu

Mkuu umeandika vizuri ila unachagua walioshinda halafu unatunga sababu. Jordan ana mataji sita. Mtu wa mataji sita hata ukimpa atangaze ndala zitauzika. Wachezaji wangapi wamepewa kiatu chenye jina lao na leo hakuna anayekijua? Hao huwataji.

Fundi Mabango

Mzee wa Hesabu, taji lake la kwanza ni 1991. Kiatu kilikuwa kimeshauza miaka sita kabla. Kama mataji ndiyo yanauza, Magic alikuwa na matano, Bird matatu, jumla manane, na wote walikuwa Converse. Converse walifanya nini? Mwaka 1986 wakatoa kiatu kimoja kinaitwa Weapon wakawavisha wote wawili, tofauti ikiwa rangi. Mahasimu wakubwa kuliko wote wa ligi, wamevaa kiatu kilekile! Nani angelia kwa ajili ya kiatu hicho? Na mwaka 2003 Converse wenyewe walinunuliwa na Nike kwa dola milioni 305.

Kuhusu waliopewa kiatu kikapotea, upo sahihi kwamba jina peke yake halitoshi. Stephen Curry alitoka Nike 2013 akaenda Under Armour, akachukua mataji manne, akabadilisha mchezo wenyewe, watoto dunia nzima wanarusha kutoka mbali kwa sababu yake. Mwishoni mwa 2025 wakaachana. Mimi naamini shida ilikuwa kiatu kisicho na sura. Ukiona Jordan ya kwanza umeijua kwa mbali hata bila nembo. Ya Curry ungeijua?

Mzee wa Hesabu

Siijui. Endelea.

Kijana wa Bonde la Ufa

Salamu kutoka Eldoret. Ndugu zangu wa Tanzania, mmezunguka Marekani yote na hamjataja Kipchoge?

Huku kwetu jambo hili tunaliona kila asubuhi barabarani. Mwaka 2017 Nike walimpeleka Eliud Kipchoge Monza, Italia, kujaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili. Alimaliza kwa 2:00:25, akakosa kwa sekunde 26. Miezi miwili baadaye raba ya Vaporfly ikaingia sokoni kwa dola 250, na watu wakaipigania. Halafu 12 Oktoba 2019, Vienna, kwa udhamini wa kampuni ya kemikali ya INEOS, akakimbia 1:59:40. Walikuwa wasaidizi 41 wa kumshikia kasi, wamepangwa kama ndege, na miguuni ni Nike watupu. Haikuhesabiwa rekodi rasmi, lakini nani alijali? Ile raba ilizua kelele hadi Januari 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka sheria: soli isizidi milimita 40, na bamba ngumu ndani liwe moja tu.

Sasa tazama tofauti na Jordan. Kile kiatu kinaitwa Vaporfly, kilichofuata kinaitwa Alphafly. Mkimbiaji wa Tokyo au Boston anayetoa pesa yake ananunua miguu ya Kipchoge, lakini jina analolitamka dukani ni la Nike. Simaanishi hakulipwa, amelipwa na anaishi vizuri. Namaanisha akistaafu, ile hadithi inabaki na nani? Kampuni itatafuta kijana mwingine wa Kaptagat, kule anakofanyia mazoezi, itamvisha, na kiatu kitaendelea na safari.

Kilicho chake kabisa ni yale maneno yake, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Hayo yameandikwa kwenye fulana, kwenye kuta za shule, hadi kwenye matatu. Hayo yamekipita kiatu.

Halafu kuna Isuzu, ambao walimfanya balozi wa pikapu yao ya D-Max. Hilo nililipenda kwa sababu ukimwona Kipchoge ndani ya pikapu huoni uigizaji. Ni mkulima, ana shamba, barabara za huku zinajulikana. Ingekuwa gari la kifahari la milango miwili tungecheka.

Mama Kokoto

Kijana wa Bonde la Ufa umenena. Na wale waliotengeneza raba ya Kenya yenyewe? Enda?

Kijana wa Bonde la Ufa

Ndiyo, Enda ilianza 2016, Navalayo Osembo na mwenzake Weldon Kennedy, wakachangisha pesa kwa watu mtandaoni. Raba yao ya kwanza waliiita Iten. Hawakuwa na uwezo wa kumlipa bingwa wa dunia, kwa hiyo wakachukua jina la mahali ambapo mabingwa wanazaliwa. Kwangu mimi ilikuwa akili. Mahali hapastaafu, hapaumii goti, wala hapashikwi na dawa.

Mnazi wa Jangwani

Hayo ya Marekani na Kenya sawa, ila bongo kuna tatizo ambalo Fundi Mabango analijua na hajalisema. Ukimweka mchezaji wa Yanga kwenye bidhaa yako, nusu ya nchi imeshakukimbia. Nina shemeji yangu Msimbazi damu, yaani Simba kindakindaki, alibadilisha laini ya simu kwa sababu ya tangazo. Simtanii.

Mnyama wa Kariakoo

Shemeji yako ana akili sana.

Fundi Mabango

Hahaha. Lakini Mnazi kagusa penyewe, na ofisini hilo ndilo swali la kwanza kabla hata bei haijatajwa: "Huyu ni wa upande gani?" Ndiyo maana kampuni nyingi zinakwepa mchezaji na kukimbilia klabu zote mbili kwa mpigo au timu ya taifa. SportPesa walipoingia 2017 waliwadhamini Simba na Yanga wote, na mwaka huohuo wakawaleta Everton Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney akafunga lile goli la mbali, mnalikumbuka. Bia nazo zimepitia Taifa Stars, Kilimanjaro kwa wakati wake na Serengeti kwa wakati wake. Ni njia salama. Lakini njia salama ina gharama yake: ukikaa pande zote mbili unakuwa sehemu ya uwanja, kama nguzo ya taa. Watu hawakuchukii, na hawakupendi.

Jambo la pili ni usajili. Mchezaji tegemeo wa leo dirisha likifunguliwa yuko Morocco au Libya, au kavuka barabara kwenda kwa mtani. Sasa mimi nina bango lake kavaa jezi ya rangi ambayo hana tena. Mara kadhaa tumeitwa usiku kushusha tangazo ambalo gundi yake haijakauka. Ndiyo maana wanasaini miezi mitatu. Kwa miezi mitatu hujengi kitu, unapiga kelele tu.

Mnyama wa Kariakoo

Mtu pekee ambaye angeweza kuvuka hiyo mipaka ni Samatta. Alipotoka Simba akaenda TP Mazembe, kisha Genk 2016, kisha Aston Villa Januari 2020, nchi nzima ilikuwa Villa. Hata watu wa Jangwani, Yanga wenyewe, walinunua zile jezi za zambarau. Kitu kikubwa kingeweza kujengwa pale kikadumu. Mlijenga nini, watu wa matangazo?

Fundi Mabango

Mabango.

Mtumwa wa Soli

Naomba niongeze upande wa hatari maana mnaongea kama mchezaji ni kiwanja cha Kigamboni, kinapanda thamani tu. Nike walikuwa na tangazo la Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini, lililosema yeye ni risasi iliyo chemba. Februari 2013 akampiga risasi mchumba wake akafa. Walilifuta haraka lakini nani atalisahau? Tiger Woods, mcheza gofu, mwaka 2009 kashfa za ndoa zilipolipuka, Accenture walimtupa ndani ya wiki chache. Nike wakabaki naye, na waliachana Januari 2024 baada ya miaka 27. Hapo kuna somo kwa mashabiki wa "mtupe mara moja". Accenture walikuwa wanauza ushauri wa makampuni, kwao Tiger alikuwa picha ya nidhamu, na nidhamu ilipoondoka hakukuwa na kilichobaki. Nike waliuza lile shati jekundu alilovaa Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano, na shati lile lilikuwa bado linashinda mashindano.

Mama Kokoto

Nilikuwa nasubiri mtu ataje wanawake, naona giza linaingia.

Allyson Felix, mkimbiaji wa Marekani. Mwaka 2019 aliandika hadharani kwamba Nike walitaka kumlipa pungufu ya asilimia 70 baada ya kujifungua, na alipoomba wamhakikishie hataadhibiwa kwa kushuka kiwango miezi ya karibu na uzazi, hawakutaka. Kampuni hiyohiyo ilikuwa inauza matangazo ya kuwatia moyo wasichana! Kelele zikawa kubwa, Agosti mwaka huo wakabadilisha sera. Yeye akaondoka, akaanzisha kampuni yake ya viatu, Saysh, na kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021 alikimbia na viatu vyake mwenyewe akarudi na medali mbili, zikafika kumi na moja jumla.

Halafu tazama 2025. Nike haohao, 26 Juni, Paris, uwanja wa Charléty, wakajenga mradi mzima kumzunguka Mkenya Faith Kipyegon ajaribu kukimbia maili chini ya dakika nne. Mama wa mtoto, aliyerudi uwanjani baada ya uzazi akawa mkali kuliko mwanzo. Alimaliza kwa dakika nne na sekunde sita na ushee. Hakufika, na bado hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi ile. Ukiniuliza mimi, tukio lile limewajengea jina kuliko angefanikiwa, maana watu walimwona anajaribu. Lakini mimi nikiliona nakumbuka na ile ya 2019. Chapa inajengwa na mikataba ya chumbani pia, ile ambayo hampandishi kwenye bango.

Fundi Mabango

Mama Kokoto, hiyo sentensi ya mwisho naichapisha bure.

Babu wa Ngumi

Vijana, mmesahau mtu mmoja ambaye anavuruga nadharia yote ya mleta uzi. George Foreman.

Wengine tulisikiliza kwenye redio alfajiri ile, 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Ali akimlaza Foreman raundi ya nane. Foreman yule alikuwa mtu wa kutisha, hacheki, hasemi. Baadaye akaacha ngumi, akawa mhubiri, akanenepa, akarudi ulingoni, na Novemba 1994 akiwa na miaka 45 akachukua ubingwa wa dunia tena. Mwaka huohuo likaanza kuuzwa jiko dogo la umeme la kuchomea nyama lenye jina lake. Limeuzwa zaidi ya milioni mia moja! Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilimlipa yeye na washirika wake dola milioni 137.5 ili iwe na haki ya jina lake moja kwa moja. Hakuna pambano lililowahi kumlipa hivyo.

Sasa niambie, mleta uzi, alama ya mwanamasumbwi iko wapi kwenye jiko?

Fundi Mabango

Babu shikamoo. Swali zito.

Nadhani jibu liko kwenye hiyo habari yako. Aliyeuza jiko hakuwa Foreman wa Kinshasa. Alikuwa yule mnene mwenye kucheka, aliyewatania waandishi kuhusu ulaji wake, aliyewapa wanawe watano wote jina George. Watu walishajua huyu bwana anapenda nyama, na jiko linachuruza mafuta. Jina na kitu vilikutana. Na tena alikuwa na fungu la faida, hakulipwa ya picha tu akaenda zake. Angetangaza benki tungekuwa tunazungumza mengine.

Babu wa Ngumi

Marahaba. Umejitetea vizuri ila bado sijakubali mia kwa mia. Na kabla hujasema mambo ya muda mrefu, kumbuka Pelé, Mexico 1970. Robo fainali na Peru, mpira unataka kuanza, akamwomba mwamuzi kidogo, akainama kufunga kamba za viatu. Kamera zote zikashuka miguuni: Puma. Ilikuwa imepangwa na kulipiwa. Sekunde chache tu, na mpaka leo tunaisimulia.

Mzee wa Hesabu

Tunaisimulia kwa sababu alikuwa Pelé na alichukua kombe. Tumerudi kwenye hoja yangu ya kwanza.

Msomaji Kimya

Picha ya kibanda jamani.

Mwalimu wa Kibaha

Niruhusuni kidogo kuhusu wa kwetu. Filbert Bayi, 2 Februari 1974, Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa kukimbia mbele tangu mlio wa bastola, 3:32.2. Mwaka uliofuata akachukua na ya maili, Kingston, 3:51.0. Zama zile riadha ilikuwa ya ridhaa, kulipwa ni kufungiwa, kwa hiyo hakuna kiatu cha Bayi wala soda ya Bayi. Lakini nenda Kimara au Kibaha useme "Bayi", mtoto wa leo atakwambia ni shule. Jina aliliweka kwenye kitu alichokimiliki mwenyewe, na linaitwa kila asubuhi mahudhurio yakisomwa. Huyo mnamweka wapi kwenye mjadala wenu?

Na sasa tunaye Alphonce Simbu. Septemba 2025, Tokyo, bingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa muda uleule wa 2:09:48 hadi picha ikaamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano yale. Picha ile ya vifua viwili kwenye utepe peke yake ni nembo. Nani anaimiliki?

Wakili wa Mtaa wa Pili

Mwalimu kaniita bila kujua. Nanyamaza nyuzi nyingi ila hapa niseme.

Jina, saini, jina la utani, mkao wa kushangilia, vyote hivyo vinaweza kusajiliwa kama alama ya biashara. Usain Bolt mwaka 2022 aliomba kusajili Marekani ule mkao wake wa kuelekeza mkono mbinguni. Mcheza tenisi Roger Federer alivyoondoka Nike 2018 kwenda Uniqlo, zile herufi RF zilibaki kwa Nike, akazipata 2020. Fikiria, herufi za jina lako mwenyewe unazisubiri miaka miwili.

Kwa Tanzania Bara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa miaka saba ya mwanzo kisha unahuisha kila miaka kumi. Zanzibar ni usajili tofauti, BPRA. Kenya ni KIPI. Si gharama ya kumshinda mchezaji wa ligi kuu. Mikataba ninayoletewa na vijana ina kosa lilelile: imeandikwa kampuni itatumia "jina na sura ya mchezaji kwa matumizi yote", haisemi mpaka lini, haisemi nchi gani, haisemi bidhaa zipi. Anasaini kwa sababu kuna simu mpya juu ya meza.

Mnazi wa Jangwani

Wakili, na mtu mwingine akiwahi kusajili jina la mchezaji kabla yake?

Wakili wa Mtaa wa Pili

Anaweza kumsumbua sana. China kulikuwa na kampuni inaitwa Qiaodan Sports, na Qiaodan ndivyo Wachina wanavyoliandika na kulitamka jina Jordan. Waliuza viatu na nguo kwa jina hilo miaka mingi, wamesajili kila kitu. Jordan alifungua kesi 2012. Akashindwa huku chini, akakata rufaa, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Watu ikampa haki ya jina lake kwa herufi za Kichina, lakini si kwa ile tahajia ya Kilatini. Mashauri mengine yaliendelea hadi 2020. Na huyo ni Jordan, mwenye mawakili wa kujaza basi.

Mzee wa Hesabu

Sasa hapo nimeelewa. Jina ndilo shamba, matangazo ni kibarua.

Fundi Mabango

Wakili, angalia ujumbe wa faragha. Kuna dogo wa ngumi hapa Manzese kaletewa karatasi na watu wa kinywaji, picha tunatakiwa kupiga Jumatatu. Nataka umwone Jumamosi.

Msomaji Kimya, picha nitaweka nikipita Mbagala, mvua imekatika.

Mnyama wa Kariakoo

Dogo ni wa upande gani?